Damu ukeni: ipi usubiri, ipi uwekee miadi, ipi ikutoe nyumbani sasa hivi

Alikuja kwa miguu yake, akaketi kwenye benchi, akasubiri zamu. Nilipomfikia nikamuuliza damu inatoka kiasi gani. "Kidogo tu, sista. Matone. Ila bega hili linaniuma tangu usiku, nadhani nimelilalia vibaya." Nikamshika kifundo cha mkono. Mapigo yalikuwa yanakimbia, vidole vimepoa, midomo imepauka. Siku zake zilikuwa zimechelewa wiki mbili. Muda si mrefu alikuwa juu ya meza ya upasuaji: mimba ilikuwa imetunga kwenye mrija, mrija umepasuka, damu inajaa tumboni. Kwenye pedi yake kulikuwa na doa lisilozidi ukucha wa kidole gumba.

Siku chache baadaye akaletwa msichana ameshikwa huku na huku, mama yake analia. Sketi imelowa, pedi tatu zimejaa tangu asubuhi. Tulimpima mimba, wingi wa damu, presha na mapigo, na vyote vikawa sawa. Ilikuwa hedhi nzito. Akarudi nyumbani na dawa pamoja na tarehe ya kuonana na daktari.

Ukiwaweka hawa wawili sambamba utaelewa kwa nini siwezi kumjibu mtu kwa neno moja anaponiuliza damu kiasi gani ndiyo ya hatari. Kabla ya kuhesabu pedi, nauliza mambo matatu. Je, mimba inawezekana? Uko hatua gani ya maisha: umevunja ungo juzi, uko kwenye miaka ya kuzaa, umejifungua karibuni, au hedhi imeshakoma? Na mwili mzima unasemaje, ukiacha huko chini? Majibu hayo ndiyo yanayokuonyesha njia ya kushika: kusubiri huku unaandika, kumwona mtaalamu ndani ya siku chache, au kuondoka sasa hivi hata kama ni usiku wa manane.

Hedhi ya kawaida ikoje

Kwa mtu mzima, hedhi hurudi kila baada ya siku 24 hadi 38, ikihesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya hedhi inayofuata, na haizidi siku 8. Damu inayopotea kwa mwezi mzima kwa kawaida ni mililita 30 hadi 40. Ikipita 80 huitwa nyingi. Najua hakuna anayekinga damu yake kwenye kikombe cha vipimo. Njia moja rahisi ni mizani ndogo ya jikoni: pima pedi kavu, kisha pima ileile ikiwa imelowa. Kila gramu iliyoongezeka ni takriban mililita moja. Wengi hawatafanya hivyo, na si lazima. Ukibadilisha pedi kila baada ya saa tatu au nne kwa kupenda usafi, wala si kwa kulazimishwa na mafuriko, uko kwenye kawaida.

Msichana aliyevunja ungo ndani ya miaka miwili mitatu iliyopita ana nafasi pana zaidi. Mzunguko wake unaweza kuwa wa siku 21 hadi 45, na mwezi mmoja unaweza kurukwa, kwa kuwa yai bado halipevuki kila mwezi. Hapo kusubiri na kuandika tarehe kunatosha, mradi damu yenyewe si nyingi.

Hedhi nzito na kuvuja kwa hatari

Hizi mbili huchanganywa kila siku, na kosa hutokea pande zote mbili.

Hedhi nzito ni ile inayokulazimisha kuvaa pedi mbili kwa pamoja, kuamka usiku kubadilisha, kukosa kazi au shule, kutoa mabonge yanayozidi upana wa sentimita mbili na nusu, au kuendelea kupita siku 8. Hii inahitaji miadi. Haikuui leo, lakini inakumaliza polepole: unahema ukipanda ngazi, moyo unadunda ukiwa umelala, kichwa kinauma, na wengine hupata hamu ya ajabu ya kutafuna barafu au udongo. Hizo ni dalili za upungufu wa damu. Kwa mwanamke asiye na mimba, hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ikishuka chini ya gramu 12 kwa desilita tayari ni upungufu. Naumia ninapomkuta mwanamke ana gramu 6, na akiulizwa anasema, "Kwetu wanawake wote tuko hivyo." Huenda kwao wote wanaumwa. Fibroidi, uvimbe wa kizazi usio saratani, huweza kufuata ukoo, na ugonjwa wa damu kutoganda vizuri huweza kurithiwa pia.

Kuhusu huo wa pili, msichana ambaye hedhi yake imekuwa nzito tangu ya kwanza kabisa, anayetokwa damu puani mara kwa mara, anayepata michubuko ya bluu bila kugongwa, au aliyevuja muda mrefu alipong'olewa jino, apimwe kuganda kwa damu. Ugonjwa wa von Willebrand, aina mojawapo ya damu kutoganda vizuri, mara nyingi hujitangaza hivyo, na una dawa za kuudhibiti.

Kuvuja kwa hatari ni kitu kingine. Pedi kubwa inalowa kabisa ndani ya saa moja, unavaa nyingine nayo inalowa, na saa mbili zimepita bila damu kupungua. Ondoka. Ila hata pedi zikiwa chache, kuna dalili zinazopita hesabu yoyote: kizunguzungu ukisimama, kuzimia, jasho jembamba, ngozi baridi, moyo unaokwenda zaidi ya mara 100 kwa dakika ukiwa umetulia, kuhema, kuchanganyikiwa. Mwili wa mtu kijana hujitahidi sana kuficha upotevu wa damu. Mishipa hujibana, moyo huongeza kasi, na presha hubaki nzuri hadi dakika ambayo haiwezi tena, kisha huporomoka kwa mkupuo. Kwa hiyo mtu akikuambia "presha yako iko sawa, lala tu", na wewe ukisimama dunia inazunguka, usikubali kulala.

Mimba changa: matone yanayotulia na matone yanayoua

Sehemu hii naomba isomwe taratibu.

Takriban mjamzito mmoja kati ya wanne huona damu kidogo katika miezi mitatu ya mwanzo, na karibu nusu ya mimba hizo huendelea salama. Basi damu haimaanishi moja kwa moja kwamba mimba imetoka. Lakini nyumbani huna njia ya kutofautisha kwa uhakika, ndiyo maana damu yoyote ndani ya mimba inahitaji kupimwa. Swali linalobaki ni kama uende leo au uende sasa hivi.

Matone mepesi, ya waridi au kahawia, bila maumivu, bila kizunguzungu, kwa mtu ambaye altrasaundi imeshaonyesha mimba iko ndani ya kizazi: piga simu au nenda kliniki siku hiyo au kesho yake. Maumivu ya kubana katikati ya tumbo la chini kama ya hedhi, damu inayoongezeka, mabonge au vipande vya nyama: huenda mimba inaharibika. Nenda siku hiyohiyo, na damu ikifikia kiwango cha pedi kwa saa, usingoje kuche.

Mimba iliyotunga nje ya kizazi haina adabu hiyo ya kujitangaza. Mara nyingi huonekana wiki ya 6 hadi ya 8 tangu hedhi ya mwisho. Damu ya nje inaweza kuwa chache, nyeusi kama majimaji ya plamu, inayokuja na kukatika. Maumivu mara nyingi huanzia upande mmoja wa tumbo la chini, kisha husambaa. Mrija ukipasuka, damu iliyomwagika tumboni hupanda hadi chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na mshipa wa fahamu wa hapo hupeleka maumivu kwenye ncha ya bega. Ndiyo lile bega la mwanamke wa kwanza. Wengine huhisi haja kubwa isiyoisha, au kuhara, wakadhani ni chakula. Ukiwa na uwezekano wa mimba, ukawa na maumivu ya upande mmoja, bega, au kuzimia, damu iwe tone au isiwepo kabisa, hiyo ni safari ya hospitali yenye chumba cha upasuaji.

Mtego mkubwa ni huu: "Haiwezekani, siku zangu nilipata." Muulize zilikuwaje. Mara nyingi atakuambia zilikuja nyepesi, au zilichelewa, au rangi ilikuwa tofauti. Hiyo huenda haikuwa hedhi. Mtego mwingine ni kufunga kizazi au kuwa na kitanzi. Njia hizi huzuia mimba vizuri sana, lakini ile chache inayoponyoka ina uwezekano mkubwa zaidi wa kutunga nje ya kizazi kuliko mimba za kawaida. Ndiyo sababu tunapima mimba kwa kila mwenye umri wa kuzaa anayetokwa damu isiyo ya kawaida, hata akiapa. Si kutomwamini.

Mwenye damu ya kundi hasi (Rh hasi, kama O- au A-) ataje mapema. Huenda akahitaji sindano ya kuzuia mwili wake kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto, na hutakiwa kupewa ndani ya saa 72 tangu damu ianze kutoka. Ikisahaulika, anayebeba madhara ni mtoto wa mimba inayofuata.

Mimba kubwa: isiyouma na inayouma

Damu nyekundu mbichi, isiyo na maumivu, inayotokea ghafla labda umelala: kondo la nyuma huenda limekaa chini, limeziba mlango wa kizazi. Tumbo lililokakamaa kama ubao, linauma bila kuachia, damu ikiwa kidogo au nyingi: kondo huenda limebanduka kabla ya wakati, na sehemu kubwa ya damu imejificha nyuma yake. Kwa daktari tofauti hizi zina maana kubwa. Kwako wewe uamuzi ni mmoja tu, kuondoka sasa. Na asikubaliwe mtu yeyote kuingiza vidole ukeni kabla altrasaundi haijaonyesha kondo liko wapi, maana kidole kinaweza kulichana.

Ute mzito wenye michirizi ya damu karibu na tarehe ya kujifungua ni jambo tofauti. Huo ni uchungu unabisha hodi. Ukiweza kusema "ni ute wenye damu", tulia. Ukilazimika kusema "ni damu yenye ute", nenda.

Baada ya kujifungua

Damu ya uzazi ina mwendo wake: nyekundu siku za mwanzo, kisha ya waridi au kahawia, kisha majimaji ya manjano meupe, na yote huisha kufikia wiki ya 6 hivi. Ikiongezeka kidogo unaponyonyesha au ukishinda umesimama, usishtuke; kizazi kinajikaza. Inayotisha ni damu inayorudi nyuma: ilishakuwa kahawia, ghafla inakuwa nyekundu mbichi na nyingi, pedi inajaa kwa saa, au mabonge makubwa kama yai la kuku. Ongeza harufu mbaya, homa, au maumivu ya tumbo la chini, na huenda kuna kipande cha kondo kilichobaki au maambukizi. Hili linaweza kutokea wiki kadhaa baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, wakati kila mtu amehamishia macho kwa mtoto. Wenye nyumba, mtazameni na mama.

Njia za uzazi wa mpango

Hapa subira ina nafasi kubwa. Sindano, vijiti vya mkononi, vidonge na kitanzi chenye homoni huvuruga damu hasa miezi 3 hadi 6 ya mwanzo: matone ya hapa na pale, siku nyingi za doa dogo. Kitanzi cha shaba huongeza wingi wa hedhi na maumivu katika kipindi hichohicho. Kama huna maumivu makali, hujasahau vidonge, na kipimo cha mimba ni hasi, subiri na uandike. Weka miadi kama imepita miezi 6, kama damu inakunyima raha, au kama ulikuwa umetulia mwaka mzima kisha damu ikaanza upya. Usiitupie lawama njia ileile uliyokaa nayo kwa amani. Na kama kitanzi kimewekwa karibuni ukapata maumivu, homa na uchafu wenye harufu, hiyo ni ya leo.

Damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya mwezi

Tone katikati ya mzunguko, siku moja au mbili, kwa mtu ambaye huliona mara kwa mara wakati yai linapoachiliwa, linaweza kuandikwa tu. Damu baada ya kujamiiana siwezi kuiweka fungu hilo. Mara nyingi chanzo ni cha kawaida: ngozi laini ya shingo ya kizazi iliyojitokeza nje, kinyama kidogo, ukavu, au maambukizi kama klamidia na kisonono. Lakini ni dalili mojawapo ya mapema ya saratani ya shingo ya kizazi, na ugonjwa huo ukikamatwa mapema hutibika. Kwa hiyo mara moja ni miadi. Mara mbili ni miadi ya wiki hii. Kipimo ni cha kutazama kwa chombo maalumu na kuchukua majimaji au chembe, dakika chache. Kama ulishachunguzwa mwaka jana ukawa salama, nenda vilevile. Uchunguzi huo ni wa mtu asiye na dalili, na wewe sasa unayo. Huku unasubiri, usijisafishe ndani na usiingize dawa ya aina yoyote; inazidisha maambukizi na kuficha kinachotafutwa.

Hedhi inayoaga na damu iliyorudi

Miaka ya mwisho ya hedhi huja na vurugu. Ikiwa miezi inaachana na damu inapungua, huo ndio mwendo unaotarajiwa. Ikiwa badala yake damu inazidi, inakuja kabla ya siku 21, au inatoka katikati, weka miadi. "Ni umri tu" ni jibu la baada ya kupimwa.

Hedhi ikishapotea miezi 12 mfululizo, mlango umefungwa. Damu yoyote inayotoka baada ya hapo, iwe tone moja la kahawia kwenye karatasi ya chooni, inahitaji uchunguzi ndani ya siku chache. Nimewasikia wanawake wakisema kwa furaha kwamba usichana umewarudia. Mama yangu, usichana haurudi kwa njia hiyo. Kati ya wanaopata damu baada ya ukomo, takriban mmoja kati ya kumi hukutwa na saratani ya ukuta wa kizazi. Wengi waliobaki wana ngozi iliyokonda na kukauka, au kinyama, mambo yanayotibika kwa wepesi. Hatari hupanda kwa mwenye unene mkubwa, kisukari, au anayetumia tamoksifeni kwa ajili ya saratani ya matiti. Uchunguzi huanza na altrasaundi ya kupima unene wa ukuta wa kizazi: ukiwa milimita 4 au chini, uwezekano wa saratani ni mdogo sana, ukizidi, hukatwa kinyama kidogo kikapimwe. Damu ikirudi tena baada ya majibu mazuri, rudi nawe pia.

Watoto wa kike

Mtoto mchanga anaweza kutoa damu kidogo ukeni ndani ya wiki mbili za mwanzo, kwa sababu homoni za mama zinamtoka mwilini. Hukoma yenyewe. Baada ya hapo, damu kwa mtoto aliye chini ya miaka 8 si ya kusubiri: inaweza kuwa jeraha, kitu alichokiingiza akicheza, maambukizi, baleghe ya mapema mno, au mtu kamdhuru. Mpeleke siku hiyo, muulize kwa upole, usimwogeshe kwanza.

Ukishaamua kwenda

Usijiendeshe gari. Kama mimba ni kubwa, lalia ubavu wa kushoto. Vaa pedi, usitumie kisodo cha ndani. Usimeze aspirini, maana hufanya damu ivuje zaidi. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, usiache mwenyewe, bali beba kopo lake. Kama mwili umelegea au tumbo linauma, usile chochote, huenda ukahitaji nusukaputi. Chukua pedi zilizolowa na bonge lolote lililotoka, vitie kwenye mfuko, usione haya. Sisi tunajifunza mengi kwa kuviona.

Ukifika, usianze na "najisikia vibaya". Anza na tarehe ya hedhi ya mwisho. Sema hivi, kwa sauti, kwa mtu wa kwanza mwenye sare: "Ninatokwa damu ukeni, hedhi yangu ya mwisho ilikuwa tarehe fulani, huenda nina mimba, na nikisimama nasikia kizunguzungu." Sentensi hiyo inakutoa kwenye benchi. Mwanamke wa lile bega alikaa pale dakika arobaini kwa sababu mtu alimuuliza anaumwa nini, naye akajibu, "Bega."